Bruda Aliyegeuka Ustaz

Wapendwa, mmeniuliza. Mmeniuliza kanisani, mmeniuliza kwa kinyozi, na mmoja wenu aliniuliza nikiwa nimekaa kando ya mwanafunzi anayejaribu kupanda mlima kwa gia ya nne: ulienda Juba kumleta Bruda, mbona umerudi na mfuko wa samaki wakavu? Swali ni zuri. Nimechoka kulijibu vipande vipande, kila mtu akiondoka na kipande chake na kwenda kukipika upya nyumbani kwake. Kwa hiyo naandika mara moja kwa wote, na atakayebaki na swali amuulize samaki.

Habari za pasipoti, chanjo na mihuri sitaeleza. Kila mtu ameshawahi kupanga foleni, na hakuna foleni iliyowahi kumfurahisha msomaji.

Kitale: Habari za Wafula

Kwa asiyejua, Bruda Tadeo ni mjomba wangu, mdogo wake mama na ndugu pekee aliyembakia. Ni mtawa. Si padri, ingawa nusu yenu mmekuwa mkimwita padri miaka yote hii na kumwomba awabatizie watoto. Huvaa kanzu ya kahawia na kamba kiunoni, na kazi yake tangu ujana ni ualimu wa shule ya msingi. Alifundisha huku kwetu, akapelekwa Uganda kuwafundisha wakimbizi wa Sudan Kusini, na wakimbizi waliporudi kwao akawafuata hadi Juba. Alimweleza mama kwamba hangeweza kuwaacha kwa sababu walikuwa hawajamaliza hesabu za visehemu. Baadaye simu yake ikanyamaza, nasi tukasema ni mtandao, maana siku hizi kila lawama hubebeshwa mtandao.

Halafu akaja Wafula. Wafula ni dereva wa lori, nilimfundisha udereva mimi mwenyewe na bado najuta. Alikuwa amepeleka mahindi Juba. Alikuja moja kwa moja nyumbani kwa mama, akakaa, akanywa chai, akaongezwa, ndipo akaona wakati umefika wa kuharibu siku yetu.

"Mama, Bruda yuko hai. Ila siku hizi amekuwa ustadhi."

"Ustadhi wa nini?" mama akauliza kutoka kitandani.

"Ustadhi, mama. Nilimuulizia yule mzee Mkenya wa kanisa, wakasema, ah, Ustaz Kenya! Yuko mtaa unaitwa Hai Jalaba, kwa wenye maduka Waarabu. Nilimwona kwa mbali, amevaa kanzu."

Nikamuuliza kanzu ya rangi gani. Akasema kwa vumbi la Juba kanzu zote ni rangi moja.

Sasa huku kwetu, kama mnavyojua, ustadhi ni mwalimu wa madrasa. Sina ugomvi na maustadhi. Mmoja ni jirani yangu, na somo lake la kwanza la udereva alilifanya vizuri kuliko Wafula anavyoendesha leo. Lakini mama alikuwa na moyo uliovimba. Daktari alishatwambia turudi naye nyumbani tumpe chochote anachotaka kula, na mama hakutaka kula. Alitaka kumwona ndugu yake kabla hajafa. Babu aliweza kumsomesha mtoto mmoja tu, akamchagua wa kiume, na mama akatolewa darasa la nne ili Tadeo aendelee. Tangu hapo mama alimwona kama shamba alilolilima yeye, na sasa anaambiwa limehamia kwa mtu mwingine.

"Nenda ukamlete," akaniambia. "Kama amesilimu, mlete vilevile. Ila usiniambie. Nitamwangalia tu."

Mtauliza kwa nini hatukupiga simu parokiani. Ni kwa sababu mama aliona heri yeye asijue kuliko paroko ajue. Ndivyo mimi, mwalimu wa udereva mwenye mgongo mbovu, nilivyofunga shule yangu, nikamwachia mke wangu Nasimiyu amtunze mama, nikapanda basi.

Malaba hadi Gulu: Breki isiyokuwepo

Mimi si abiria mzuri. Mguu wangu wa kulia hukanyaga breki hata pale ambapo hakuna breki, na kutoka Malaba hadi Mbale niliikanyaga mpaka goti likaanza kuniuma. Dereva yule alikuwa akipita magari mengine kwenye kona, kwa imani ambayo ingemfaa mtawa.

Kando yangu aliketi mama mmoja wa mwili, akiwa amepakata mfuko wa vitunguu ambao alikataa kata kata kuuweka chini. Aliutazama mguu wangu kwa muda mrefu.

"Wee mzee, hii mguu yako nasumbuka nini?"

"Namsaidia dereva."

"Dereva nakulipa?"

Ndivyo tulivyojuana. Aliitwa Mama Keji. Alikuwa Msudan Kusini aliyekulia ukimbizini Uganda, akarudi kwao, na sasa anauza vitunguu na samaki wakavu Konyo Konyo, soko lililo karibu na mto. Alikuwa anatoka kumzika mjomba wake upande wa Malaba. Kiswahili chake kilikuwa cha Uganda, chenye afya na kisichojali sarufi, na baada ya saa chache nilianza kuona kwamba sarufi yangu ndiyo inayochelewesha mambo.

Basi likafa kabla ya Lira. Halikuharibika, lilikufa. Utingo alifungua boneti, akachungulia ndani, akaifunga kwa heshima. Tukakaa kando ya barabara na kungoja basi lingine, ambalo kwa maelezo ya utingo lilikuwa "hapo tu". Mwenye kibanda alikuwa akiuza kitu kinaitwa kikomando, nikaagiza kwa kuwa jina liliniahidi ujasiri. Ikaja chapati iliyokatwakatwa ndani ya maharagwe. Nilikula mbili.

Ni hapo Mama Keji aliponiuliza naenda Juba kufanya nini.

"Namtafuta mjomba wangu. Ni bruda."

"Bruda gani?"

"Bruda Tadeo."

Akacheka. "Mzee, Juba bruda iko mingi. Dereva ni bruda. Utingo ni bruda. Hata mwizi, mimi naita bruda kwanza, ndiyo naachilia mfuko."

"Bruda wa kanisa. Mkatoliki."

"Ah! Abuna!"

Abuna, nikafahamu, ni padri. Nikamweleza kwamba mjomba si padri. Haungamishi, haadhimishi misa, na wala hana mke.

"Kama si abuna na hana bibi, kanisani nafanya nini?"

Swali hilo ukoo wetu umeliuliza kwa miaka mingi bila kupata jibu. Jibu la kweli lilikuwa fupi: anafundisha. Lakini nikaona nikitamka kwamba ni mwalimu ataniuliza mwalimu wa nini, na nikishafika hapo itabidi nitamke lile neno la Wafula, na basi zima litajua kwamba bruda wetu amebadilisha dini. Kwa hiyo nikasema ni mtu wa sala.

"Kwes," akasema, yaani vizuri, akaanza kumenya yai. "Mtu ya sala mimi hapana jua. Mimi iko mtu ya soko."

Elegu hadi Juba: Wallahi na rozari

Tulipovuka mpaka tukapata dereva mwingine. Huyu alikuwa na rozari kubwa kwenye kioo cha mbele na picha ya Bikira Maria juu ya redio, nikafurahi kidogo. Kisha akakata kona, akakosakosa ng'ombe, akasema, "Wallahi!" Mwanamke wa nyuma yangu aliyeitwa Veronika akasema tutafika mapema, inshallah. Mzee mmoja mwenye msalaba shingoni akaapa wallahi kwamba hatutafika.

Mtu mwenye akili angesikia hayo na kujiuliza kama maneno ya watu hawa yana maana ileile anayoifikiria yeye. Mimi niliona tu kwamba hali ni mbaya kuliko alivyosema Wafula, na kwamba ikiwa hata akina Veronika wa nchi hii wameshafika hapo, basi mjomba wangu peke yake angefanya nini.

Mbele ya Nimule malori yalikuwa yamesimama. Wengine walisema wanangoja habari za usalama, wengine walisema lori limepinduka kwenye daraja, na askari tuliyemuuliza akatwambia yote mawili ni kweli, kaeni mle. Tukakaa tukala. Mama Keji akanunua mchuzi wa nyama wenye bamia ya unga, mzito na wa kuteleza. Juu ya sinia kulikuwa na vitambaa vya rangi ya hudhurungi, vyembamba, vimekunjwa vizuri. Nikashukuru kuona watu wastaarabu. Nikachukua kimoja, nikajifuta mikono vumbi la safari nzima, nikajifuta na shingo.

Mikono yote ikasimama juu ya sinia.

"Mzee," Mama Keji akasema kwa upole, "hiyo ni chakula."

Ilikuwa kisra, mkate wao wa mtama, mwembamba na mchachu kidogo. Nawaambia ni mtamu sana, hasa ambao hujajifutia shingo. Walicheka mpaka malori yakaondoka, na hadi tunavuka daraja la Nile kuingia Juba bado kulikuwa na mtu nyuma anayeanza upya.

Konyo Konyo: Bibi wengi

Siku iliyofuata nilimtafuta mjomba kwa heshima, yaani kwa cheo chake halali. Nilipanda boda boda na kumwambia kijana, nipeleke kwa Bruda, Mkenya. Alinipeleka gereji, kwa fundi mmoja wa Kisii anayeitwa Bruda. Boda wa pili alinipeleka kwa kinyozi. Wa tatu alinipeleka mahali ambapo kijana mwenye nywele za kusokota alikuwa akijaribu spika, naye pia alikuwa Bruda, na alifurahi sana kuniona. Kanisani nilikofika adhuhuri mlinzi aliniambia abuna wamelala, na bruda hana habari naye.

Jua la Juba halichomi, linakaba. Nilirudi Konyo Konyo nikiwa nimekwisha, nikakaa kwenye kreti karibu na vitunguu vya Mama Keji, nikamfikiria mama kitandani akingoja. Nikaona haya zangu zitamnyima mama kitu cha mwisho alichoomba. Nikainama.

"Mama Keji, nikuulize jambo, na usiniulize sababu. Kuna mtu hapa anaitwa... Ustaz Kenya?"

Kitunguu kikamdondoka.

"Ustaz Kenya! Wee mzee, hiyo neno nakalia tangu Malaba? Iko hapa, Hai Jalaba! Kila siku baada ya chakula iko pale na bibi yake."

"Bibi?"

"Bibi mingi! Nyumba najaa. Hata mimi iko bibi ya Ustaz. Mwaka ya pili sasa."

Nikasimama. Sikujua la kufanya nikavua kofia. Nilikuwa nimesafiri nchi tatu na mke wa mjomba wangu, nimekula mayai yake, nimejifutia shingo kwa kisra mbele yake. Mke wa mjomba, kwa sisi Wabukusu, si mtu wa kufanyiwa mchezo. Nikamwamkia upya kwa mikono miwili. Akanitazama kama mtu aliyepigwa na jua, akanipa maji, akamwita boda.

"Yala, twende. Kwanza nachelewa."

Hai Jalaba: Gunia la sukari

Ilikuwa ghala la mfanyabiashara, katikati ya maduka ya zamani. Mlangoni alikaa mzee mwenye jalabia nyeupe akisinzia. Akafumbua jicho moja, akaniangalia, akasema, "Ustaz juwa."

"Najua," nikamjibu. "Ndiyo maana nimekuja."

"Juwa, juwa!" akasema tena, akionyesha mlango.

"Nimekwambia najua!"

Mama Keji akanivuta mkono. Juwa kwao ni ndani.

Basi ndani. Kati ya magunia ya sukari na katoni za sabuni kulikuwa na mabenchi, na kwenye mabenchi wanawake, wengine wazee, wengine na watoto wachanga kifuani, kila mmoja na daftari. Mbele kulikuwa na ubao mweusi uliopasuka pembe. Mbele ya ubao alikuwa mjomba wangu Tadeo, mwembamba kuliko nilivyomkumbuka, kanzu yake ileile ya kahawia imepauka mabegani, kamba kiunoni, rozari pembeni, chaki mkononi.

"Keji, umechelewa," akasema.

"Ustaz, malesh, samahani, mimi naleta mgeni."

Akanitazama juu ya miwani. Miaka mingi hajaniona, nimenenepa, nimeota mvi, nimevuka mipaka miwili kwa ajili yake. Akaniambia, "Wekesa, kaa. Kipindi hakijaisha."

Nikakaa juu ya gunia la sukari. Mwanamke mmoja wa kando yangu akanong'ona kuniuliza nafanya kazi gani Kenya. Nikamwambia mimi ni mwalimu.

"Ah!" akageukia wenzake. "Huyu pia ni ustaz!"

"Hapana!" nikaruka. "Mimi ni Mkatoliki!"

Chaki ikasimama ubaoni. Wanawake wakatazamana.

"Na sisi," yule mwanamke akasema.

Nilieleza. Sijui nilieleza kwa lugha gani, ila nilitaja Wafula, kanzu, na bibi wengi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo mjomba alivyozidi kujishika kwenye ubao kwa kicheko. Hapo ustaz ni mwalimu. Mwalimu tu, wa chochote. Anayefundisha kushona ni ustaz, na hata sista anayefundisha kinanda ni ustaza. Na wauzaji wa kiume wa sokoni ndio waliowaita wanafunzi wale bibi za Ustaz, kwa kuwa kila baada ya chakula huacha meza zao na kupotelea kwake. Wanawake walicheka hadi watoto wakaamka. Mama Keji alifuta machozi kwa kitambaa na kuniita mtoto wake.

Mjomba akavua miwani. "Na Rosa? Dada yangu aliamini?"

"Aliamini, Mjomba. Na ni mgonjwa. Amenituma nikulete."

Akaacha kucheka. Akawaambia wanawake wafunge madaftari.

Gurei: Kitanda, msalaba na darasa la nane

Anaishi Gurei, upande wa magharibi wa mji, katika nyumba ya watawa nyuma ya shule ya msingi anakofundisha asubuhi. Chumba chake kina kitanda, msalaba, ndoo, na mashati ya wanafunzi yanayongoja kushonwa vifungo. Simu ilitumbukia chooni zamani, na aliiona hiyo kama mapenzi ya Mungu, hakununua nyingine. Barua mbili alizomtumia mama hazikufika. Tulikula ful, yaani maharagwe yaliyopondwa kwa mafuta na vitunguu, na mkate. Watawa wenzake wawili walituacha peke yetu kwa adabu.

Nikamwambia kuna basi keshokutwa.

"Siwezi, Wekesa."

"Mkuu wako atakataa?"

"Nikiomba ataniruhusu. Ndiyo maana sijaomba."

Akanieleza. Darasa lake la nane lilianza naye kambini. Wamehama, wamerudi, wamekimbia tena, na kila walipokaribia mtihani kitu kililipuka na wakaanza upya. Mmoja wao ana ndevu na mtoto. Walimu wengine wameondoka mmoja mmoja, mmoja anauza laini za simu, mwingine ni mlinzi getini kwa matajiri, na asubuhi hubaki yeye. Mtihani ulikuwa umekaribia. Akiondoka hakuna wa kusimama mbele yao.

Hapo nilikasirika, na sijutii. Nilimwambia mama alitolewa shule ili yeye akae. Nilimwambia alilala njaa ili yeye apate viatu. Nilimwambia watoto wa watu wanaweza kufanya mtihani mwaka ujao, lakini mama hana mwaka ujao, na hicho ndicho kitu pekee alichowahi kukiomba kutoka kwake.

"Najua," akasema. "Kila asubuhi nikishika chaki najua ni ya nani."

Nikamjibu kwamba chaki haitamfunga mama macho. Nilimchukia mtu mtakatifu kwa dakika kadhaa, jambo ambalo nawashauri mlijaribu mara moja maishani, ni gumu kuliko linavyoonekana.

"Anaweza kukaa?" akauliza mwishowe.

"Kwa mito."

"Anasikia vizuri?"

"Kuliko wewe."

"Basi kesho mpigie ukiwa darasani kwangu. Kule Jalaba."

Nikapiga, kwa simu ya Mama Keji, kwa sababu yangu ilikataa kuelewana na mtandao wa huko. Nasimiyu akapokea, akampa mama. Nikaweka sauti ya nje, nikaisimamisha simu juu ya katoni ya sabuni.

"Ni nani?" mama akauliza.

"Rosa, ni Tadeo."

"Sali."

Mjomba akasali Baba Yetu, wanawake wote wakimwitikia kwa lugha walizonazo. Mama akasikiliza hadi amina, kwa makini, kama askari anayekagua leseni.

"Sawa," akasema. "Unakuja lini?"

"Baada ya mtihani wa watoto."

Nilisikia pumzi za mama, fupi fupi. Mjomba akafanya kitu pekee anachokijua. Akageukia ubao.

"Haya, akina mama. Keji ana vitunguu ishirini na vinne. Anavipanga mafungu ya vinne vinne. Atapata mafungu mangapi?"

"Sita!" ikasema katoni ya sabuni.

Darasa likageuka.

"Nani huyo?" mmoja akauliza.

"Huyo mama najua soko!" Mama Keji akapiga makofi.

"Rosa," mjomba akasema, "hapa tunanyosha mkono kwanza."

"Nimeunyosha," mama akasema.

Nasimiyu aliniambia baadaye kwamba kweli alikuwa ameunyosha, na kwamba hakuushusha mpaka Bruda alipomwambia ashushe.

Kitale tena

Safari ya kurudi sitaisimulia, kwa kuwa basi halikufa na dereva aliheshimu kona, na safari ya namna hiyo haina hadithi. Mama Keji alinipa samaki wakavu na kisra nyingi, akinisihi nisiivae. Bruda alinipa vitabu viwili vya kusoma vya wanafunzi wa Jalaba, vya mama. Nilikuja nikiwa nimejiandaa kuomba msamaha kwamba nimerudi peke yangu. Mama aliniuliza tu kama nimeleta kalamu.

Tangu siku ile nyumba yangu ni tawi la Hai Jalaba. Kila siku baada ya chakula simu inakaa juu ya mto, redio inazimwa, wajukuu wanafukuzwa, na mimi naambiwa nisipige honi uani. Mama anasoma kwa sauti pamoja na wanawake asiowahi kuwaona. Amegombana na mmoja kuhusu kutoa kwa kukopa. Anajua nani mtoto wake anaota meno. Daktari anasema moyo ni uleule na tusijidanganye. Mama anamwambia asiongee kipindi kikiendelea.

Na mtihani ukafanyika, watoto wa Gurei wakaumaliza, yule wa ndevu akiwemo. Siku ya pili yake Bruda alipiga kwa simu ya Mama Keji kabla ya kipindi. Nilikuwa chumbani. Nilikuwa nimeshampakia rangi chumba cha wageni, hili hamkulijua.

"Rosa, nimeomba ruhusa na nimepewa. Napanda basi Jumatatu."

Nilifurahi mpaka nikamshika mama bega. Yeye alikuwa anatazama kitabu magotini.

"Na wenzangu?" akauliza. "Watafundishwa na nani?"

"Watangoja, Rosa. Si muda mrefu."

Mama alijua na Bruda alijua kwamba si kweli. Angekuja angekaa hadi mwisho wake, na mwisho wake hauna tarehe, na wanawake wa soko hawawezi kuacha vitunguu vyao kungoja mtu wa Kitale afe.

"Mimi nilingoja, Tadeo," mama akasema. "Najua kungoja kulivyo. Usije."

Kwenye simu nilisikia mabenchi, mtoto akilia, mtu akimnyamazisha. Nilitoka nje nikalia nyuma ya gari la kufundishia, na mwanafunzi wangu akadhani ni kwa sababu yake.

Niliporudi Bruda alikuwa amepenga kamasi na kipindi kimeanza. Alimwambia mama afungue pale walipoachia. Kitabu kilikuwa kikimwelemea mama na herufi zilikuwa zikimkimbia, kwa hiyo nikakaa kitandani nikamshikia kitabu, naye akaanza kusoma.